Pumu Kasulu na Kibondo: Kazi Iko Kwenye Siku za Nafuu

Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kukatika Mei. Zikishakatika, Kasulu na Kibondo huingia katika miezi migumu kwa mwenye pumu. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, maana huku ni juu: Kibondo inakaribia mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika katika mkoa huohuo liko mita 770 hivi. Maharage yanapurwa uani, mahindi yanapukuchuliwa, muhogo mkavu unapelekwa mashineni kusagwa. Matanuri ya matofali yanawashwa, kwa kuwa huu ndio msimu wa kujenga. Kisha nyasi zinakauka kabisa na moto unaanza kupita kwenye miombo, mwingine ukiwa wa kuandaa mashamba, mwingine wa malisho, mwingine haujulikani umewashwa na nani. Moshi hushinda bondeni hadi jua lipande.

Ndiyo miezi ambayo watu hufikishwa zahanati alfajiri baada ya kubanwa kifua usiku kucha. Mgonjwa hushushwa kwenye bodaboda, huchomwa sindano au kuvutishwa dawa kwa mashine, hupewa vidonge vya siku tano na kurudi nyumbani. Jirani anayempitia jioni humkuta anachambua maharage. Wiki chache baadaye safari ni ileile, bodaboda ileile, vidonge vilevile.

Familia, duka la dawa na zahanati vyote hukurupuka usiku wa kubanwa. Mchana wa kawaida havina habari na pumu. Ukichunguza kwa nini ugonjwa huu unaendelea kutesa watu wenye dawa zinazofahamika na vituo vya afya vinavyofikika, jibu linarudi kwenye zile siku ambazo mgonjwa analima, anapika na kwenda shule bila kukohoa. Hizo ndizo siku za kuidhibiti pumu, na hizo ndizo zilizosahauliwa katika elimu, katika dawa na katika bajeti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pumu ilikuwa imewapata watu milioni 262 duniani na kuua 455,000. Wengi wa waliokufa waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi tajiri nazo zina wagonjwa tele. Kinachotofautisha ni kama mgonjwa anajua anaumwa nini, na kama dawa ya kila siku inamfikia.

Kujua peke yake ni kazi. Pumu ni uvimbe wa muda mrefu katika njia ndogo za hewa ndani ya mapafu, uvimbe usiouma wala kuonekana. Njia hizo huwa na hasira: zikiguswa na moshi, vumbi, baridi au mafua ya kawaida, misuli inayozizunguka inakaza, kuta zake zinavimba zaidi, na ute mzito unaziba nafasi iliyobaki. Hapo ndipo kifua kinapopiga filimbi, hasa wakati wa kutoa pumzi. Misuli ikilegea, filimbi inanyamaza. Uvimbe unabaki.

Kwa mtoto mdogo dalili hizo hufanana sana na nimonia. Mhudumu wa zahanati amefundishwa, na amefundishwa vizuri, kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Utaratibu huo umeokoa watoto wengi. Lakini mtoto mwenye pumu naye hupumua haraka. Katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa watoto Rebecca Nantanda na wenzake waliwachunguza watoto 614 wa chini ya miaka mitano waliofikishwa wakikohoa na kupumua kwa shida. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 walikuwa na dalili za pumu, na karibu wote kati ya hao hawakuwahi kuambiwa hivyo. Walikuwa wakitibiwa kikohozi na nimonia, mara moja baada ya nyingine.

Kwa watoto wakubwa hali haiko mbali na hiyo. Utafiti mwingine, ulioitwa ACACIA, uliwauliza wanafunzi zaidi ya 27,000 katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwamo. Kama asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu. Miongoni mwao, mmoja tu kati ya watano ndiye aliyekuwa amewahi kuambiwa na daktari kuwa ana ugonjwa huo. Huko ni mijini, kwenye hospitali kubwa na madaktari bingwa. Kasulu na Kibondo mgonjwa huanzia zahanati ya kijiji, na kutoka Kibondo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma ni zaidi ya kilomita 200.

Hata hivyo, kuitambua pumu hakuhitaji mashine kubwa. Maswali machache humfikisha mhudumu mbali. Je, tatizo linajirudia, au ni mara ya kwanza? Linazidi usiku na alfajiri? Linaamshwa na moshi, vumbi, baridi au kukimbia? Kwenye ukoo kuna mwenye pumu, mafua ya mzio au pumu ya ngozi? Mtoto mwenye filimbi kifuani akivutishwa salbutamoli na pumzi ikatulia ndani ya dakika chache, huo ni ushahidi mzito. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto wa namna hiyo ajaribiwe kwanza dawa ya kufungua kifua kabla ya kuamua kuwa ana nimonia. Kwa mtu mzima kuna kijibomba cha plastiki chenye mshale, cha kupima kasi ya pumzi, kisichotumia umeme. Mgonjwa hupuliza, huvuta dawa, hungoja dakika 15, hupuliza tena. Mshale ukipanda kwa asilimia 20 au zaidi, pumu inashukiwa kwa sababu ya kutosha.

Yapo pia magonjwa mawili ya kutochanganya nayo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, chenye kupungua uzito na kutoka jasho usiku, ni cha kupimwa kifua kikuu kwanza. Na mama wa umri mkubwa aliyepika kwa kuni miaka thelathini, ambaye pumzi inakatika akipanda mlima na hairudi sawa hata akipata dawa, huenda mapafu yake yameharibiwa na moshi. Naye anahitaji tiba, lakini si ileile.

Pumu ikishatambuliwa, linakuja suala la dawa, na hapa ndipo siku za nafuu zinapopotea. Dawa za kuvuta ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua: salbutamoli, ambayo watu wengi huiita Ventolin hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo inapunguza uvimbe polepole, kwa siku na majuma. Mgonjwa akiivuta leo hasikii chochote. Anatakiwa aivute kesho pia, na keshokutwa, akiwa hana dalili yoyote.

Ni rahisi kuona ipi itanunuliwa. Mwenye shilingi chache atanunua ile inayomfungua sasa hivi, au vidonge vya salbutamoli na aminofilini ambavyo ni rahisi zaidi, ingawa vidonge hivyo huchelewa kufanya kazi na huleta mapigo ya moyo ya haraka na kutetemeka mikono. Mwenye duka naye huagiza kinachotoka. Basi dawa ya kuzuia haiulizwi kwa kuwa haijulikani, haijulikani kwa kuwa haipo rafuni, na haipo rafuni kwa kuwa haiulizwi.

Madhara yake yanafahamika. Mwaka 2019 taasisi ya kimataifa inayotoa mwongozo wa pumu, GINA, iliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake, kwa sababu za usalama: inaficha dalili huku uvimbe ukiendelea. Kopo la kawaida la salbutamoli lina mivuto 200. Mtu anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayemaliza kopo kila mwezi yuko katika hatari ya kifo. Hesabu hiyo anaweza kuifanya muuza duka la dawa muhimu akiwa na daftari na kalamu.

Halafu kuna maneno ya mtaani. Linalosikika zaidi ni kwamba ukishaanza pampu, yaani kopo la dawa ya kuvuta, hutaiacha, na kwamba pampu ni ya mgonjwa aliyefika mwisho. Wazazi wanaomnyima mtoto dawa ya kuvuta na kumpa vidonge hudhani wanamhurumia, kumbe dozi ya kidonge inazunguka mwili mzima wakati mvuto unapeleka dawa kidogo sana moja kwa moja kwenye mapafu. Wengine huamini pumu inaambukiza, hivyo kikombe cha mwenye pumu kinatengwa na binti mwenye pumu anafichwa hadi aolewe. Mtoto huzuiwa kucheza mpira. Ingefaa wazazi hao wasimuliwe habari za Paula Radcliffe, Mwingereza aliyegunduliwa kuwa na pumu akiwa msichana, akaja kushika rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake kuanzia 2002 hadi alipoivunja Mkenya Brigid Kosgei mwaka 2019.

Jambo jingine linaloharibu sifa ya pampu ni jinsi inavyotumika. Wengi hupuliza dawa mdomoni na kuimeza. Inatakiwa kopo litikiswe, mtu atoe pumzi yote nje, abane midomo kuzunguka mdomo wa pampu, aminye huku akivuta taratibu, kisha abane pumzi hadi hesabu ya kumi. Mtoto hawezi kulingana na kasi hiyo. Anahitaji chemba iitwayo spesa, inayoishika dawa wakati yeye anapumua mara tano au sita. Spesa za dukani ni ghali na adimu, lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet jaribio lililoonyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa waya wa moto ili kopo liingie na kubana vizuri, ilifanya kazi kama spesa ya kiwandani. Chupa za maji za ujazo huo zimejaa kila stendi, kuanzia Kakonko hadi Manyovu. Mwenye kuvuta dawa ya kuzuia anaongeza jambo moja: kusukutua mdomo na kutema, ili asipate utando mweupe ulimini.

Na siku ya kubanwa yenyewe ikifika, elimu inatakiwa iwe fupi. Mgonjwa akalishwe wima, asilazwe. Avute salbutamoli kwa spesa, mvuto mmoja mmoja, minne hadi kumi, na arudie baada ya dakika 20 wakati usafiri unatafutwa. Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo iliyobadilika rangi, mtoto anayebonyea mbavu au kushindwa kunyonya, na hasa mgonjwa ambaye filimbi imenyamaza huku akizidi kuchoka, hao ni wa hospitali saa hiyohiyo. Kifua kilichonyamaza kwa mgonjwa aliyechoka maana yake ni kuwa hewa imeacha kupita.

Haiwezekani kuizungumzia pumu ya nyanda hizi na kuukwepa moshi. Jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba ya kupikia yenye dirisha dogo ndilo jiko la kaya nyingi vijijini, na anayekaa hapo muda mrefu ni mama akiwa na mtoto mgongoni. Wakulima wa tumbaku wa Kasulu na Kibondo huongeza moshi wa mabani ya kukaushia majani. Serikali, katika kueleza haja ya nishati safi, imetaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia. Mei 8, 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Kigoma inalijua suala hili kwa namna yake. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika. Makumi ya maelfu ya kaya zilizopika kwa kuni katika eneo dogo zilisukuma watu, hasa wanawake, kwenda mbali zaidi msituni kila mwaka, na ugomvi wa kuni kati ya wakimbizi na wenyeji ukawa sehemu ya maisha. Majaribio ya kugawa majiko ya gesi Nyarugusu yaliwafikia baadhi tu ya wakazi. Funzo lake kwa vijiji jirani ni kwamba mtungi wa kwanza si shida kubwa. Shida ni wa pili, ule wa kujaza kwa fedha ya mfukoni.

Kwa hiyo, wakati gesi inasubiriwa, yapo yanayowezekana msimu huu: kuni zilizokauka kabisa, dirisha la pili mkabala na la kwanza, bomba la kutolea moshi, kupika nje siku zisizo na mvua, na kumtoa mtoto mwenye pumu jikoni. Kupura maharage kunaweza kufanywa na mwingine, au kwa kitambaa puani na mgongo ukielekea upepo. Barabara nayo inabadilika. Vumbi jekundu la njia ya Kibondo na Kasulu lilikuwa sehemu ya kila safari, na mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa kilomita 260 hivi, unawapunguzia mzigo huo walio kando ya barabara. Umeme wa gridi ya taifa, uliozinduliwa mkoani Oktoba 2022, unaziwezesha mashine za kuvutisha dawa vituoni bila kutegemea jenereta.

Lakini hakuna kati ya hayo linalochukua nafasi ya dawa ya kuzuia na mtu wa kuifuatilia. Na kwa hilo Tanzania haihitaji kwenda kujifunza mbali. Kuanzia mwaka 1977 Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, alishirikiana na Wizara ya Afya hapa nchini kujenga mpango wa kifua kikuu uliokuja kuigwa duniani: daftari la kila mgonjwa katika kila wilaya, kadi, tarehe ya kurudi, dawa zisizokatika, na hesabu ya robo mwaka ya waliopona na waliopotea. Baadaye, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure kwenye kliniki za tiba na matunzo kuanzia 2004, watu wa vijiji vilevile vya Kasulu na Kibondo walijifunza kumeza dawa kila siku wakiwa hawaumwi popote. Somo gumu kuliko yote la pumu, la kutumia dawa siku ya nafuu, tayari limeshafundishika hapa.

Hivyo mwenye pumu anahitaji alichopewa mwenye kifua kikuu: jina kwenye daftari na tarehe ya kurudi. Wa kumkumbusha wapo. Januari 31, 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwa na zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za kikohozi cha wiki mbili anaweza kuongeza maswali mawili: nani hapa huamka usiku kwa kubanwa, na amemaliza makopo mangapi tangu mwaka uanze? Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na kusikilizwa na wakimbizi na wenyeji, ina uzoefu wa kuzungumza na watu hawa kwa lugha wanazozielewa. Hospitali ya Kabanga ya Wakatoliki na Dayosisi ya Anglikana ya Western Tanganyika yenye makao yake Kasulu zina mimbari na imani ya watu. Walimu wanawajua watoto wasiokimbia.

Siku ya Pumu Duniani huangukia Jumanne ya kwanza ya Mei. Kwingine hiyo ni tarehe tu. Hapa ni majuma machache kabla ya baridi, vumbi na moto. Mgonjwa anayeanza au kurudia dawa ya kuzuia wiki hiyo atakuwa na mapafu yaliyotulia Julai itakapofika. Wilaya zinazoadhimisha siku hiyo kwa fulana na hotuba zingefaidi zaidi kuitumia kuwaita wote waliowahi kulazwa kwa kubanwa kifua mwaka uliotangulia, kuwaangalia wanavyovuta dawa, na kuwagawia chupa zilizotobolewa tayari.

Fedha ndiyo sehemu isiyokwisha kwa mahubiri. Kopo la beklometasoni la mivuto 200, kwa mtu anayevuta mara mbili asubuhi na mbili jioni, linaisha kwa siku 50. Kwa mwaka anahitaji makopo saba au manane. Kwa kaya inayotegemea mauzo ya maharage, hiyo ni ahadi nzito. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliwekewa mchango wa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kadi ya bima humsaidia mwenye pumu pale tu dawa ya kuzuia inapokuwa kituoni. Dawa zote mbili, ya kufungua na ya kuzuia, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na halmashauri huagiza dawa zake kutoka Bohari ya Dawa kulingana na makisio ya vituo. Kituo kisichoandika jina la ugonjwa hakiwezi kukisia dawa yake.

Kwa sababu hiyo, madiwani na kamati za afya za Kasulu na Kibondo wana kipimo kimoja wanachoweza kukiomba kwa mfamasia wa wilaya kila robo mwaka: makopo mangapi ya salbutamoli yametolewa, na mangapi ya dawa ya kuzuia. Ya kwanza yakiwa mengi na ya pili hakuna, wilaya bado inangoja watu wabanwe. Uwiano ukianza kusogea, na majina ya waliolazwa Julai na Agosti yakapungua mwaka unaofuata, kamati itakuwa na hoja ya takwimu ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti, badala ya kwenda na hadithi za usiku mmoja mmoja.